Kufumua

Theluji ya Zaborek huanguka ikiwa tayari ya kijivu,
mji ni wa makaa, utafanyaje.
Asubuhi ile kabla sijawasha jiko
walishapanga foleni mlangoni pangu,
jezi wamezibana kwapani
kama watu walioleta vielelezo mahakamani.

"Fumua, Trudka."

Hakuna aliyetoa salamu.
Picha kila mtu alikuwa ameiona: Pyrlik,
skafu nyekundu shingoni, kalamu mkononi, meno yote nje,
kule ng'ambo ya reli,
kwenye klabu ambayo jina lake sisi hatulitamki.
Miaka saba alizifumania nyavu kwa ajili yetu.
Jana usiku sisi ndio tuliomfumania.

Herufi sita.
P ina tumbo, huachia upesi.
K ina mikono na miguu, hung'ang'ania.
Nilizishona mwenyewe, jezi baada ya jezi,
mwaka ule alipofumua shuti kutoka katikati ya uwanja,
dakika ya mwisho, mvua ya mawe,
na mzee Ewald, mwenye pafu moja na nusu,
mengine ameyaacha shimoni,
akapiga ukelele ambao daktari alishamkataza.
Kwa lugha ya wachimbaji, pyrlik ni nyundo.
Tukasema, hili jina sasa limepata mtu.

Bernadeta, mwalimu wa darasa la pili, alilia bila kujificha,
kisha akauliza bei.
Mapacha wa mwoka mikate walitaka badala yake
niwashonee MSALITI.
Nikawaambia: herufi saba, kila moja na bei yake.
Wakapapasa mifuko, wakatazamana,
wakaridhika na hasira ya bure.

Kituoni, tramu zikipita, vijana walikuwa wameshatunga:

*Nenda na viatu vyako,*
*zihesabu noti zako,*
*magoli si mali yako,*
*yamebaki uwanjani.*

Mimi nilikuwa nafumua tu.
Herufi nyeupe nilizitia kwenye kopo la biskuti,
na kopo likajaa, nikaleta la pili.

Ewald aliingia wa mwisho.
Jezi yake ndiyo ya kwanza niliyoishona,
imefuliwa mpaka buluu imekuwa maji.
Nikakata uzi, nikang'oa, nikakung'uta,
nikaiinua kwenye taa,
na jina lilikuwepo.
Chini ya zile herufi kitambaa hakikuwahi kuona jua.
Buluu ya siku ya kwanza, mbichi,
P, Y, R, L, I, K,
inasomeka kuliko ilivyosomeka jana.

"Itafutika nikiifua?"
"Haifutiki kwa kufua, Ewald. Inataka jua."
"Jua gani, hapa?"
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
nikamshikia koti mpaka kilipomwachia.
Akaivaa palepale, ndani nje,
jina likamlalia mgongoni upande wa ngozi,
akafunga vifungo vyote, akaenda zake.

Giza lilipoingia nilisikia kengele ya mlango.
Kijana simjui, ndevu bado zinajadiliana kama ziote,
anaangalia nyuma kama mnunuzi wa magendo.
Akatoa jezi kwenye mfuko. Nyekundu. Mpya, inanuka duka.
"Kwetu fundi ameishiwa herufi," alisema.
"Nimeambiwa wewe unazo."

Nyeupe hukaa popote. Haina mashabiki.

Nikamtajia bei mara tatu. Alilipa, tena kwa furaha.
Nikafungua kopo, nikachagua zile safi,
nikakanyaga cherehani:
P, halafu Y, halafu R, mstari umenyooka,
kazi ni kazi, sijawahi kumpa mtu kazi mbaya,
L, I.

Uzi wa K
sikuupiga fundo.